Visheti vya Mwanamkuu wa Isevya

Miguu ya Maua ilianza kuvimba mvua zilipokuwa zikiishia, na aliyeiona kwanza hakuwa mama yake. Aliiona bibi yake, mama mzaa baba, alipokuwa akimwosha uani. Alimbonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu, akakiondoa kidole, na shimo likabaki pale pale kama kwenye donge la unga uliokandwa. Alimkausha mtoto, akamviringisha kanga, akaenda kumpakatisha mama yake, Mwanamkuu, aliyekuwa barazani akichekecha unga wa muhogo.

"Mtoto huyu amebemendwa," alisema, kisha akaingia ndani.

Siku zile pale Tabora neno hilo halikuhitaji kufafanuliwa. Mtoto akivimba miguu, nywele zikinyonyoka na kugeuka rangi ya katani, akawa wa kununa tu na kulia asitake kucheza, basi wazazi wake wamevunja mwiko. Labda wamelala pamoja kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa kisha akaja kumshika mtoto. Anayeumwa ni mtoto, lakini watu humtazama mama. Na Mwanamkuu alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana, ilhali Maua hata hajaanza kutembea vizuri.

Alikuwa mwanamke wa Isevya, mzaliwa wa mji. Babu yake alifika na misafara iliyokuwa ikipita kati ya Ujiji na pwani, akachoka kubeba mizigo ya wengine, akabaki. Baba yake, mzee Abasi, alikuwa fundi viatu. Mwanamkuu aliolewa na Saidi, mfanyakazi wa reli aliyekuwa akienda na gari moshi la Kigoma na kurudi, wakapata mtoto wa kiume, Feruzi, kisha Maua. Vita vya pili vya Wazungu vilikuwa vimekwisha miaka michache iliyopita, na Mwingereza bado ndiye aliyekuwa akitawala. Mjini Mwanamkuu alijulikana kwa jambo moja tu, nalo ni visheti. Harusi ikiwapo Gongoni au Ng'ambo, ataitwa yeye akande, akunje, akaange, avimwagie shira. Alizoea kuingia nyumba za watu kichwa juu.

Saidi aliporudi safari alimkuta mkewe jikoni. Alisimama mlangoni, kofia yake ya kazi mkononi.

"Mama Feruzi, kuna mtu?"

"Mtu gani?"

"Nauliza tu. Mimi nashinda njiani."

Mwanamkuu alimtazama mumewe mpaka Saidi akainamisha macho. Hakujua kwamba Saidi naye alikuwa ameshaulizwa na mama yake, pale pale uani, kama ana mwanamke Kigoma. Wote wawili walikuwa hawana kosa hilo, na kila mmoja akaanza kumshuku mwenzake. Toka siku ile Saidi akawa anakula barazani peke yake.

Bibi alileta mizizi ya kumwogeshea mtoto. Maua aliogeshwa, lakini uvimbe ukapanda mpaka usoni, na ngozi ya mapajani ikaanza kubambuka kama rangi ya mlango wa zamani. Mwanamkuu akaacha kwenda sokoni na hakwenda tena kwenye harusi. Wageni wakipiga hodi, alimbeba Maua kwenda naye chumba cha ndani, kisha akatoka peke yake kuwakaribisha.

Nje ya mji kulikuwa na zahanati ndogo ya misheni. Mwanamkuu hakuwa amewahi kukanyaga pale. Asubuhi moja alimfunga mtoto mgongoni, akamfunika kanga mpaka kichwani, akapita nyuma ya nyumba na kukata katikati ya mashamba ya mtama asikutane na mtu. Alipokelewa na mwanamke wa makamo aitwaye Veneranda, Mnyamwezi kutoka upande wa Sikonge, mjane, aliyekuwa akipika na kuwaangalia watoto waliolazwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mfunue mtoto."

"Ana mafua tu."

"Mfunue."

Mwanamkuu alimfunua huku akitazama ukutani. Veneranda aliishika miguu ya Maua, akampapasa nywele, akauliza mtoto anakula nini.

"Anakula uji, mama. Anakula mpaka anashiba."

"Uji wa nini?"

"Wa muhogo."

"Na maharage? Na nyama mkipika?"

"Huo ni mchuzi wa watu wazima. Tumbo lake bado dogo."

Veneranda alivuta kigoda akakaa. "Nisikilize. Najua wanakwambia nini huko mjini, hata kwetu wanasema hivyo hivyo. Hakuna aliyembemenda mtoto huyu, si wewe, si mumeo. Umepata mimba, ukamwachisha ziwa, ukamjaza muhogo. Muhogo unajaza tumbo, lakini mwili haupati cha kujijengea. Mwanao ana njaa."

Mtu angedhani Mwanamkuu alifurahi kusikia maneno yale, lakini hakufurahi. Aliposingiziwa mambo ya wanaume alijua moyoni kwamba ni uongo, na kujua huko kulimtia nguvu. Hili la njaa lilikuwa kweli. Nyumbani kwake kulikuwa na gunia la maharage, na Saidi alikuwa akileta dagaa kutoka Kigoma. Yeye aliyepikia mji mzima alikuwa ameketi kila siku na kijiko, akimlisha mwanawe njaa kwa mkono wake, huku akimbembeleza amalize. Alilia pale sakafuni, na Veneranda alimwacha alie.

Walimbakiza Maua. Nyumbani Mwanamkuu alisema mtoto yuko kwa babu yake, mzee Abasi, anaogeshwa mizizi ya bibi. Kila asubuhi Mwanamkuu alikuwa akija kwa njia ile ile ya nyuma, na hivyo ndivyo alivyoingia katika kazi ya unga.

Bwana shamba alikuwa ameiachia zahanati mbegu za soya, nazo ziliota vizuri nyuma ya jiko. Veneranda aliambiwa kwamba zina nguvu kama nyama. Alikuwa akizianika, akizitwanga na kuzichanganya na unga wa uwele, lakini watoto walitema. Uji ulinuka mbichi, ulikuwa mchungu, na waliomeza waliharisha. Mwanamkuu alionja, akautema kiganjani.

"Umezichemsha kwanza?"

"Nani achemshe kitu cha kutwanga?"

"Hebu tujaribu."

Walizichemsha mpaka maganda yakalegea, wakazifikicha kwenye maji maganda yakaelea, wakazianika, kisha Mwanamkuu akazikaanga kwa moto mdogo kwenye chungu mpaka zikanukia kama karanga. Zilipotwangwa hazikunuka tena. Mkupuo wa kwanza aliuunguza, na wa pili mvua iliukuta juani ukaoza. Wa tatu ndio uliofaa. Wakaongeza nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa na kukaushwa, wakayatwanga mpaka yakawa vumbi la kijani. Walipoyaanika juani uji ulikuwa mweusi kama matope. Walipoyaanika kivulini rangi ilibaki nzuri, na watoto wakaacha kugeuza nyuso.

Likabaki tatizo moja. Uji ule ulikuwa mzito, mtoto mgonjwa anachoka kumeza kabla hajapata cha kutosha, na ukiuongeza maji unakuwa maji matupu.

"Tutie kimea kidogo," alisema Veneranda. "Ulezi uliooteshwa. Unalainisha uji, na unaleta utamu."

Mwanamkuu alishtuka. "Kimea ni cha pombe."

"Kwetu ni cha pombe na cha uji wa mtoto. Mtoto halewi, usiogope."

Akaotesha ulezi nyumbani, nyuma ya choo, juu ya mkeka chini ya gunia bichi. Mama mkwe aliufuata ule uvundo mtamu mpaka akalifunua gunia. Sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

"Kimea! Kwenye nyumba ya Kiislamu! Kwanza mtoto, sasa pombe!"

Majirani wakachungulia juu ya ua. Mwanamkuu angeweza kusema kweli, kwamba ni dawa ya Maua, lakini habari ya kwamba Maua anaumwa ndiyo aliyokuwa akiificha.

"Ni cha kuku, mama," alisema, na watu wakacheka, maana kuku wao walikuwa wawili tu. Baadaye chumbani alijifunika uso kwa kanga.

Uvimbe ulipungua polepole. Miguu ilisinyaa mpaka ikawa vijiti, ikamtisha, kisha ikaanza kujaa nyama. Siku Maua alipomnyang'anya mtoto mwingine kijiko, Veneranda alicheka kwa sauti. Waliporudi nyumbani bibi alimpokea mjukuu wake kwa vigelegele, akaisifu mizizi yake. Saidi alimbeba binti yake mabegani akazunguka naye uani, kisha akamtazama mkewe kama mtu anayetaka kuomba radhi asijue pa kuanzia. Mwanamkuu akaliacha kila neno kama lilivyo. Watu walipouliza, alisema ilikuwa homa.

Veneranda alikuwa amemwomba kitu kimoja. "Njoo siku ya kliniki na mtoto wako, usimame mbele ya kina mama, waone. Mimi nikisema wanadhani natafuta watu wa kubatiza. Wewe ni mtu wa mjini, watakusikiliza."

"Nitakuja," alijibu Mwanamkuu. Hakwenda. Alijifungua mtoto wa kiume, na huo ukawa udhuru wake.

Mwanajuma alikuwa shoga yake tangu utotoni. Walisuka ukili pamoja, wakachezwa unyago mwaka mmoja, na nyumba zao zilitenganishwa na uchochoro. Mchana mmoja alikuja, akakaa mkekani, akazungumza habari za bei ya chumvi na za mwali wa jirani. Chai ikapoa. Kisha akasema bila kumtazama mwenzake:

"Shoga, Maua alikuwa na nini vile?"

"Homa."

"Homa tu? Hakuvimba?"

Mwanamkuu alimsikia mama mkwe akiburuta ndala ndani ya nyumba. Alijua kwa nini Mwanajuma anauliza. Alikuwa amemwona Sudi, mtoto wa Mwanajuma, juzi yake, amekaa kizingitini bila kufukuza nzi waliotua usoni pake.

"Nani kakwambia alivimba? Watu wa mji huu wana maneno. Ilikuwa homa, shoga, ikaondoka."

"Basi vizuri," alisema Mwanajuma. Alikunywa chai yake ya baridi mpaka mwisho, akaaga.

Usiku na mchana Mwanamkuu alijiambia kwamba kesho atakwenda, atampelekea unga, atamnong'oneza. Kila kesho ilikuwa na sababu yake. Kisha asubuhi moja akasikia kilio kutoka ng'ambo ya uchochoro.

Alipika matangani. Alikuwa mpishi, kwa hiyo walimpa sufuria kubwa, naye alikoroga wali wa msiba wa mtoto ambaye angeweza kumpikia uji. Kando yake wanawake waliokuwa wakichambua mchele walikuwa wakisema chinichini kwamba Sudi amebemendwa, kwamba Mwanajuma ni mtu wa kuangaliwa. Mwanamkuu alifungua mdomo, akaona nyuso zao zote zikimgeukia.

"Chumvi iko wapi?" alisema.

Alipokwenda kwa Veneranda kumweleza, alitarajia kufarijiwa. Veneranda aliendelea kupepeta.

"Unataka nikwambie nini? Kwamba mtoto angekufa tu? Sijui. Labda angekufa. Lakini unga ulikuwapo, na njia ulikuwa unaijua."

"Siwezi kusimama mbele ya watu, mama. Nimejaribu. Ulimi unakufa."

"Basi fanya unaloweza."

Alichoweza kilikuwa visheti. Alikuwa ameona kwamba unga wa zahanati kila mtu anaukwepa. Mwanamke akionekana ameubeba, basi mtaa mzima unajua kwake kuna mtoto aliyebemendwa. Wengine waliupokea kwa adabu wakaumwaga njiani. Lakini hakuna mama aliyeona haya kumnunulia mwanawe kisheti.

Akaanza majaribio upya jikoni kwake. Unga wa soya na uwele peke yake ulivunjika kwenye mafuta ukawa makombo. Aliongeza ngano kidogo ya kushikilia. Vumbi la majani ya kunde liliacha madoa meusi, na mteja wa kwanza akauliza kama kimeanguka majivuni. Akaliondoa, akachukua boga, akalichemsha, akaliponda, akakandia unga kwa boga lenyewe badala ya maji. Visheti vikatoka na rangi ya dhahabu, vyenye harufu ya iliki, laini kiasi kwamba ukiloweka kwenye maziwa vinakuwa uji mzito wa kulisha mtoto asiye na meno. Hilo la kuloweka alimwambia kila mnunuzi kama vile analisema kwa kupita tu: "Mdogo mlowekee, atavipenda."

Vilipendwa. Viliingia harusini, viliuzwa stesheni, Saidi alivipeleka mpaka Kigoma. Watu kutoka Ziba waliokuja mnadani walibeba vifurushi. Mwanamkuu akaanza kuitwa tena, akaanza kusifiwa. Kila aliposifiwa uso ulimwaka, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Mwanajuma alipata mtoto mwingine, wa kike. Mtoto huyo alipoachishwa ziwa, mama yake alikuja kununua visheti, mara moja, mara ya pili, akawa anakuja kila siku ya soko. Siku moja alisimama pale mlangoni akakitazama kimoja kiganjani.

"Shoga, unaweka nini humu? Mtoto wangu ananawiri."

Mwanamkuu alikuwa na majibu mengi aliyokwisha kuyazoea. Badala yake alimwomba akae, akamwambia yote: miguu ya Maua, njia ya nyuma, soya, kimea kisichokuwa cha kuku. Alipofika kwenye chai iliyopoa, aliendelea kwa kunong'ona mpaka mwisho.

Mwanajuma alikirudisha kisheti kwenye sinia.

"Nilikuona," alisema hatimaye. "Asubuhi ya kwanza ulikata shambani na mtoto amefunikwa, kisha kila asubuhi peke yako. Ndiyo maana nikaja kukuuliza. Uliposema homa, nikajua unaninyima. Sikujua nimekukosea nini. Nimekaa miaka yote hii nikitafuta nimekukosea nini."

"Hukunikosea."

"Hata mimi ningeweza kwenda mwenyewe. Niliona haya. Nilitaka mtu wa kwenda naye."

Aliondoka bila visheti. Hakuja wiki ile, wala iliyofuata.

Siku ya kliniki iliyokuja, Mwanamkuu alikwenda zahanati kwa barabara kubwa, mchana kweupe, kanga mabegani. Alisimama mbele ya kina mama waliokaa chini na watoto wao, akasema anaitwa Mwanamkuu wa Isevya, mke wa Saidi wa reli, na kwamba mtoto wake Maua alivimba kwa sababu yeye alimlisha muhogo mtupu. Wanawake wawili walicheka. Mmoja akatema mate pembeni. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alimwona Mwanajuma, mtoto begani. Mwanamkuu alipotaja kwamba kulikuwa na mtoto mwingine, wa jirani, ambaye mama yake hakuambiwa kwa wakati, Mwanajuma aliinuka akatoka.

Mwanamkuu alimaliza alichokuja kusema. Alionyesha jinsi ya kuchemsha soya na kufikicha maganda. Mwishoni mama mmoja kijana, Mkristo wa kijijini aitwaye Eustadia, alimfuata kando, akamfunulia mtoto wake.

Habari zilifika mjini kabla yake. Mama mkwe hakumsemesha siku nyingi, na alikufa baadaye akiamini mizizi yake. Harusi mbili zilitafuta mpishi mwingine. Saidi alirudi safari akaambiwa stesheni. Alikuja, akachukua sahani yake barazani, akaingia nayo jikoni, akakaa kwenye kigoda karibu na mkewe, wakala. Na Mwanajuma alirudi baada ya mfungo wa Ramadhani, akasema mtoto anadai visheti. Walisalimiana. Hawakuwahi tena kusuka ukili pamoja.

Mwanamkuu aliendelea kwenda zahanati kila siku ya kliniki, mwaka baada ya mwaka, na aibu haikumwisha. Aliizoea tu. Maua alikua, akapelekwa shule, akawa msichana mrefu mwenye miguu mizuri. Wakati huo watu walikuwa wameanza kuzungumza habari za uhuru. Jioni moja alirudi shule akatupa mkoba wake kitandani.

"Mama, kuna msichana wa kijijini darasani kwetu. Ameniuliza kama mimi ndiye yule Maua aliyebambuka ngozi. Mbele ya wote."

Mwanamkuu aliacha kukanda.

"Ukamjibuje?"

"Nimesema si mimi." Maua alikuwa akilia kwa hasira. "Kwa nini unanitaja? Sema mtoto yeyote. Usinitaje tena, mama."

Mwanamkuu alitaka kumweleza, akaona hana haki ya kumweleza. Yeye mwenyewe alichukua miaka mingapi? Alinawa mikono yenye unga, akamfuta binti yake machozi.

"Sitakutaja," alisema.

Kliniki iliyofuata alisimama pale pale mbele ya kina mama, akasema: "Nilikuwa na mtoto, akavimba, na kosa lilikuwa langu." Mwanamke mmoja wa mbele akauliza mtoto huyo ni nani, yuko wapi. Mwanamkuu akamwambia kwamba yuko, mzima, anasoma. Kisha akainama, akaichukua sufuria ya soya, akawauliza nani ana moto nyumbani wa kuchemsha kitu mpaka maganda yalegee.